Makala Mbele ya Wahakiki: Ni Nani Atakayeshuhudia Habari za Lubumbashi?

Katika kazi zote za hiari zinazofanywa na watu wa zama hizi pasipo ujira wala sifa, ni nadra kuipata iliyo ndogo machoni pa umma na kubwa katika athari yake kama kazi ya wale wasomaji ambao, baada ya shughuli za mchana kwisha na jamaa zao kulala, huketi mbele ya kompyuta au simu, wakaipitia makala ya kamusi elezo sentensi kwa sentensi na tanbihi kwa tanbihi, ili wapate kukata shauri kama inastahili kutiwa alama ya ubora au irudishwe kwa mwandishi wake ikatengenezwe. Alama yenyewe ni nyota ndogo iliyowekwa pembeni mwa ukurasa. Katika Wikipedia ya Kifaransa, lugha ya madarasa yetu hapa Lubumbashi, makala iliyofikia daraja la juu hupewa nyota ya dhahabu, na ile iliyofikia daraja la pili hupewa ya fedha. Katika ile ya Kiingereza nyota ya daraja la juu ina rangi ya shaba, rangi ambayo mtu wa Katanga haioni mahali popote pasipo kuikumbuka ardhi yake. Nyota hiyo ni adimu kweli kweli: Wikipedia ya Kiingereza ilipita makala milioni 7 katika mwaka 2025, na zilizoipata ni kama moja tu katika kila elfu.

Nataka kueleza jinsi hukumu hiyo inavyopitishwa, kwa sababu naamini inatuhusu sisi watu wa mji huu kuliko tunavyodhani. Habari za Lubumbashi zinaandikwa na kusomwa ulimwenguni, na wengi wa wanaoziandika ni watu walio mbali, wenye nia njema na vitabu vingi, ambao hawajapata kutia mguu Kamalondo wala kuwasikia wazee wa Katuba wakizungumza jioni. Na wahakiki wanapoketi kuzipima habari hizo, kiti cha mtu aliyezaliwa hapa aghalabu huwa kitupu. Kukiacha kiti hicho hivyo kilivyo ni hasara, na si hasara yetu peke yetu.

Wikipedia, kamusi elezo ninayoizungumzia, ilifunguliwa tarehe 15 Januari 2001 na Wamarekani wawili, Jimmy Wales na Larry Sanger, kwa kanuni iliyowastaajabisha wataalamu wengi, ya kwamba mtu yeyote aweza kuandika na mtu yeyote aweza kusahihisha. Mlango ulio wazi kiasi hicho hupitisha mema na mabaya pamoja, na haikuchukua muda mrefu kabla ya waandishi wenyewe kuona haja ya kuzibagua kazi zilizoiva na zile zilizo mbichi. Kwa kuwa hapakuwapo baraza la maprofesa la kuwaamulia, waliamua wao kwa wao, nao wakajiwekea utaratibu ambao umekuwa ukinyooshwa mwaka hata mwaka. Anayeona kuwa makala yake imekamilika huitangaza. Wengine wasioshiriki kuiandika huja kuisoma. Kila mmoja huandika hadharani alichokiona, jema na kasoro, na mwandishi hujibu, akarekebisha au akatetea. Kwa Kifaransa shauri hukatwa kwa kura, na kura itakiwayo ni ile yenye sababu. Kwa Kiingereza daraja la juu hutolewa kwa muafaka unaopimwa na waratibu, na lile la pili laweza kutolewa na mhakiki mmoja tu, ilimradi asiwe na mkono katika uandishi wenyewe. Mhakiki huyo huongozwa na masharti sita: makala iandikwe vizuri, habari zake ziwe na vyanzo vinavyoweza kufunguliwa na kuhakikishwa, ienee pande zote za jambo, isielemee upande, isiwe uwanja wa watu kufutiana maneno kila kukicha, na ikiwa ina picha, ziwe zile zilizo halali kutumiwa.

Masharti hayo ukiyasoma kwa haraka huyaona mepesi, lakini uzito wake hujulikana yanapotiwa kazini. Tuseme mtu ameandika makala juu ya mgomo wa wafanyakazi wa kampuni ya migodi ya Union Minière uliotokea hapa mwezi wa Desemba 1941, mji ukiwa bado unaitwa Élisabethville na shaba ya Katanga ikitakiwa sana kwa ajili ya vita. Ameandika kwamba bei za vitu zilipanda, kwamba wafanyakazi Wazungu walitangulia kudai nyongeza ya mshahara, kwamba Waafrika nao wakaweka chini zana zao, na kwamba tarehe 9 Desemba askari waliufyatulia risasi umati uliokusanyika katika uwanja wa mpira, akafa Léonard Mpoyi, aliyekuwa akiwasemea wenzake, na wengine wengi pamoja naye.

Mhakiki asomaye aya hiyo aweza kushikwa na huzuni, lakini huzuni haimwondolei wajibu wake. Neno "wengi" halimtoshi. Huuliza ni wangapi, na ni nani aliyewahesabu. Mwandishi huleta idadi iliyotolewa na serikali ya kikoloni, watu 48. Mhakiki huuliza kama wapo wanaoikana idadi hiyo, na jibu ni kwamba wapo, kwa kuwa baadhi ya wanahistoria waliokuja baadaye wametaja waliokufa kuwa zaidi ya hao. Basi sentensi haiwezi tena kutamka kwamba walikufa watu 48 kana kwamba mwandishi alisimama uwanjani akawahesabu. Yapasa iseme kwamba serikali ilitaja 48 na kwamba wengine wametaja zaidi, kila idadi na kitabu chake na ukurasa wake. Kisha laja jambo la gavana wa jimbo, Amour Maron, ambaye imesimuliwa kwamba ni yeye mwenyewe aliyemfyatulia Mpoyi risasi. Mhakiki hulitaka jambo hilo lielezwe kwamba ni simulizi, litajwe limeandikwa wapi, na huyo aliyeliandika alilipata kwa nani. Baada ya hapo hugeukia picha. Mchoraji wa mji wetu, Tshibumba Kanda Matulu, aliuchora msiba huo katika miaka ya 1970, miongoni mwa picha zake nyingi za tarikhi ya nchi. Picha hiyo ni ushahidi mkubwa wa jinsi watu walivyoukumbuka msiba ule baada ya miaka thelathini, wala si ushahidi wa hesabu ya waliokufa, tena haki zake ni za mchoraji na warithi wake, hivyo haiwezi kubandikwa tu ukurasani kwa sababu inapendeza. Aya moja ya namna hiyo yaweza kumaliza jioni nzima ya mtu, na makala ina aya arobaini.

Wapo watakaosema kwamba kuuliza hesabu mbele ya maiti ni ukavu wa moyo. Mimi naona kinyume chake. Aliyeuawa na akahesabiwa pungufu ameonewa mara mbili, na aliyeongezewa wenzake wasiokuwapo atakanwa siku moja pamoja nao, mtu mwenye nia mbaya atakapoigundua ile nyongeza na kuifanya hoja ya kukataa tukio zima. Ibn Khaldun wa Tunis, alipoandika Mukadima yake katika mwaka 1377, alianza kwa kuwalaumu wanahistoria waliomtangulia kwa kupokea idadi za majeshi zilizovimba pasipo kuzipima na ukubwa wa nchi wala na uwezo wa kulishwa kwa watu wengi kiasi hicho. Na kabla yake wanazuoni wa hadithi walikuwa wameijenga elimu nzima ya isnadi, wakiuliza juu ya kila neno ni nani aliyelisema, ni nani aliyemsikia, kama hao wawili waliishi zama moja na kuonana, na kama msikilizaji alijulikana kwa ukweli. Wafua shaba wa kale wa Katanga, waliojenga tanuri zao kwa udongo wa vichuguu, hawakuridhika na myeyusho wa kwanza, bali waliirudisha shaba motoni ili itakasike kabla ya kuimimina katika kalibu ya msalaba. Na aliyekwisha kuiona makala ikirudi mara ya tatu kwa wahakiki ataelewa kwa nini nimewakumbuka.

Na hapa Lubumbashi tunao mfano ulio karibu zaidi, tena wa watu ambao hakuna aliyewadhania kuwa waandishi wa tarikhi. Mwaka 1965, miaka mitano baada ya uhuru, watumishi wa zamani wa nyumbani, wale walioitwa maboyi, waliokuwa wameungana katika chama chao, walitoa kijitabu kilichopigwa taipu, jina lake kwa Kifaransa likiwa ni Vocabulaire ya mji wa Élisabethville na maandishi yake yakiwa kwa Kiswahili cha mji huu. Mkusanyaji wake alikuwa André Yav, na tarehe iliyowekwa ni ya mwezi wa Septemba mwaka huo. Zimo ndani yake habari za Mfalme Leopold wa Pili na za mtawala Msiri, za kuja kwa makampuni na migodi, za vita vya kwanza vya dunia ambavyo majeshi ya Kongo yaliingia hadi Tabora, na za maisha ya majumbani, namna mabwana walivyokula, walivyosema na walivyowatendea waliowapikia na kuwafulia. Mtu anayesimama na sahani nyuma ya kiti cha bwana husikia mengi, kwa kuwa bwana humsahau. Na watu hao walikuwa wamesimama nyuma ya viti vya mji mzima tangu kuasisiwa kwake katika mwaka 1910. Walipoona kwamba vitabu vinavyoandikwa havitayataja waliyoyaona, waliyakusanya wenyewe, wakayatia sahihi kwa jina la wote.

Mwenye kuishika chapa ya maandishi hayo kwa mara ya kwanza hupata taabu. Maneno yameunganishwa pale ambapo sisi huyatenga, na kutengwa pale ambapo sisi huyaunganisha. Nukta ni chache. Herufi zinafuata sikio la mtu aliyefundishwa kuandika kwa Kifaransa lakini anasema kwa Kiswahili. Jicho likipita juu yake peke yake hukwama. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alikuwa amefundisha katika chuo kikuu hapa Lubumbashi mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipoishughulikia kazi hiyo alitambua kwamba haikuandikwa isomwe kimya. Kwa hiyo Kalundi Mango, ambaye Kiswahili hiki ni chake, aliyasoma maandishi yote kwa sauti, na maneno yaliyokuwa yamefungamana kama uzi yakaachana, kila moja likakaa mahali pake. Kutokana na sauti hiyo matini ikaandikwa upya, ikafasiriwa na kufafanuliwa, na mwanaisimu Walter Schicho akaongeza maelezo yake juu ya lugha. Kitabu kilitoka katika mwaka 1990, na baadaye matini yenyewe ikawekwa katika intaneti, mahali palipokusanywa maandishi ya Kiswahili cha watu wa kawaida, ambapo mtu yeyote aweza kuisoma leo.

Nimekirefusha kisa hiki kwa makusudi. Kazi aliyoifanya Kalundi Mango ni ile ile inayotakiwa kwa mhakiki wa makala, yaani kuyasoma maandishi ya mwingine kwa uangalifu na heshima hadi yaseme kile yalichokusudia kusema, wala si kile ambacho msomaji alikuwa akikitarajia. Na haikuwezekana kufanywa na mtu asiyekijua Kiswahili cha hapa, hata awe na shahada ngapi. Mhakiki wa Brussels aweza kupima kama tanbihi inalingana na ukurasa wa kitabu cha Kifaransa, na kazi hiyo ni njema. Lakini akikutana na tanbihi inayoelekea kwa André Yav atalazimika kumwamini mfasiri, na pale anapomwamini mtu badala ya kumhakiki, uhakiki umesimama.

Humo ndani ya kijitabu mna pia habari za batumbula, watu ambao ilisemwa kwamba huwateka wengine usiku kwa ajili ya Wazungu, na walionaswa wasionekane tena. Wazee wa Katanga wanazijua habari hizo. Watafiti wameziandikia, akiwamo Rik Ceyssens katika mwaka 1975, ambaye alizitazama kama masimulizi ya watu walioonewa. Je, mhakiki afanye nini akiikuta habari ya namna hii katika makala ya tarikhi ya mji wetu? Wapo watakaoifuta kwa kuwa ni uvumi, na wapo watakaoiacha kama ilivyo kwa kuwa iliandikwa na wenyeji. Makundi yote mawili yamekosea. Hofu ile ilikuwapo, iliwafungia watu majumbani jioni, iliwafanya wayatazame magari na mahoteli ya mji kwa macho fulani. Hofu hiyo ni tukio la tarikhi lenye ushahidi wa kutosha, na yapasa iandikwe hivyo, kwamba watu walisema, na kwamba waliyoyasema yalitenda kazi katika maisha yao. Uandishi wa namna hiyo humpa msimulizi heshima yake kamili bila ya kumdanganya msomaji. Ni kazi ngumu kuliko kufuta, na ndiyo maana wahakiki wazuri ni wachache.

Hapa tumefika penye mwiba wa shauri lote. Sharti la vyanzo linataka chanzo kilichochapishwa. Neno la mzee, hata awe ameliona jambo kwa macho yake, halipokelewi mpaka liwe limepita mikononi mwa mchapishaji anayeaminika. Nimewasikia watu wakilitukana sharti hili kwamba ni la kikoloni, kwa kuwa linawapa sauti waliokuwa na mitambo ya chapa na kuwanyima waliokuwa na kumbukumbu. Malalamiko hayo yana haki ndani yake. Lakini lau sharti lingeondolewa, kila mtu angeandika kwamba babu yake ndiye aliyechimba shimo la kwanza la Mgodi wa Nyota, na mhakiki asingekuwa na la kumjibu. Dawa iko mahali pengine, nayo imekwisha kuanza kutumika hapa hapa. Tangu mwaka 2000 mradi wa Mémoires de Lubumbashi, kwa juhudi za wanahistoria kama Donatien Dibwe dia Mwembu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na Bogumil Jewsiewicki, umekusanya kumbukumbu za wakazi wa kawaida, wafanyakazi wa migodi na wake zao, vyombo vyao vya nyumbani, nyimbo na hadithi zao, ukazionyesha katika makumbusho ya mji na kuzitoa vitabuni. Neno la mama wa mtaa wetu wa Kenya lililoandikwa hivyo, likatiwa tarehe na jina la aliyelichukua, sasa ni chanzo. Mhakiki aweza kulifungua na kulipima. Kila mwanafunzi wa historia anayekwenda Ruashi na kinasa sauti chake, kisha akaiweka tasnifu yake maktabani ambako yaweza kutafutwa na kusomwa, anaipanua kamusi elezo ya dunia, hata kama hajapata kuandika humo neno moja.

Sharti la kutoelemea upande lina uzito wake wa pekee kwetu. Makala juu ya Katanga ya Moïse Tshombe, iliyojitangaza dola tarehe 11 Julai 1960 na kumalizika Januari 1963, husomwa na watu waliopokea kumbukumbu mbili zisizopatana. Vivyo hivyo habari za 1992 na 1993, wakazi wenye asili ya Kasai walipofukuzwa katika miji yetu na familia nyingi kurundikana katika vituo vya reli zikingoja treni. Mtu wa Likasi ambaye jirani yake aliondoka siku zile hawezi kuisoma sentensi juu ya jambo hilo kama anavyosoma hali ya hewa. Sidhani kwamba kwa sababu hiyo asihakiki. Namwona kuwa anafaa zaidi, iwapo ataweza kuitaka haki itendeke kwa upande usio wake, kwa sababu yeye ndiye anayejua ni neno lipi ambalo mgeni huliona la kawaida na mwenyeji huliona tusi.

Wala nyota ikishatolewa haiwi milki ya milele. Makala juu ya ajali ya ndege iliyomwua Dag Hammarskjöld, Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, karibu na Ndola usiku wa kuamkia tarehe 18 Septemba 1961, alipokuwa akienda kuonana na Tshombe, ingeweza kuwa kamilifu katika mwaka 2000. Lakini kitabu cha Susan Williams kilitoka katika mwaka 2011, kikafungua maswali yaliyodhaniwa kuwa yamefungwa, na tangu mwaka 2015 Umoja wa Mataifa umemkabidhi Jaji Mohamed Chande Othman wa Tanzania kazi ya kuupima ushahidi mpya, naye ametoa taarifa baada ya taarifa akizitaka serikali zifungue kumbukumbu zao. Makala isiyolitaja jina lake leo ina upungufu. Habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba hapa karibu na mji wetu, tarehe 17 Januari 1961, nazo zilibidi ziandikwe upya baada ya utafiti wa Ludo De Witte na uchunguzi wa bunge la Ubelgiji wa miaka ya 2000 na 2001. Kwa hiyo upo utaratibu wa kuirudia makala yenye nyota na kuivua ikiwa imeachwa nyuma na elimu, na naliona hilo kuwa jambo la uadilifu mkubwa, maana vitabu vingapi vya shule vimebaki na heshima yao miaka thelathini baada ya kwisha ukweli wao?

Na Kiswahili je? Wikipedia ya lugha yetu ilianzishwa katika mwaka 2003, na miongoni mwa waliotangulia kuijenga alikuwamo Mtanzania Ndesanjo Macha, mwanasheria na mwandishi, wakati ambapo makala zilikuwa za kuhesabika. Sasa ni maelfu kwa maelfu, na hilo ni la kushukuriwa. Hata hivyo hesabu yaweza kukua ilhali wasomaji wa kupima hawaongezeki, na hatari ya hali hiyo ilionekana katika Wikipedia ya Kiskoti. Mwezi wa Agosti 2020 iligunduliwa kwamba sehemu kubwa ya makala zake, makumi ya maelfu, ziliandikwa kwa miaka mingi na kijana mmoja wa Marekani asiyeijua lugha hiyo, aliyekuwa akiyapindapinda maneno ya Kiingereza kwa msaada wa kamusi. Nia yake haikuwa mbaya. Hapakuwapo msomaji mwenye lugha aliyeketi akamwambia, na watu waliokuwa wakijifunza wakaamini kwamba hiyo ndiyo lugha ya wazee wao. Siku hizi ambapo mashine yaweza kufasiri ukurasa mzima kwa muda wa kupepesa jicho, lugha yenye wahakiki wachache imo katika hatari hiyo hiyo, na Kiswahili kina wenyewe kutoka Lamu hadi Kolwezi ambao wangeweza kuiepusha.

Najua majibu yatakayotolewa. Umeme hukatika, mega za intaneti ni ghali na mshahara haufiki mwisho wa mwezi, mwanafunzi anayejipikia katika chumba cha kupanga ana mambo ya kumshughulisha kabla ya tanbihi za watu. Hayo ni kweli, nami simwombi mtu anayehangaikia unga aache kuuhangaikia. Nasema na wale walio na saa moja kwa juma, walimu, makarani, wastaafu wa kampuni ya migodi ya Gécamines ambao wangali na kumbukumbu na miwani, watangazaji, wanafunzi wa fasihi na historia, ambao tayari hutumia saa hiyo kubishana katika simu zao kuhusu ni mwaka gani Englebert, ambayo leo ni TP Mazembe, ilitwaa kombe la Afrika kwa mara ya kwanza. Ilikuwa 1967, na ikalitwaa tena 1968. Kubishana huko, kila mmoja akidai mwenzake alete ushahidi, ndiko kuhakiki kwenyewe, isipokuwa hakuandikwi popote na kesho yake huanza upya. Haitakiwi shahada wala barua ya mkubwa. Mtu huanza kwa aya moja: hukifungua kitabu kilichotajwa chini yake, akatazama kama kitabu kinasema lile ambalo aya inadai kwamba kinasema, na kama hakisemi huandika hivyo kwa adabu, na kutaja ukurasa.

Makala ya kwanza ambayo ningetamani kuiona ikipelekwa mbele ya wahakiki kwa Kiswahili ni ya kijitabu cha André Yav chenyewe. Vyanzo vyake vipo: ile chapa ya mwaka 1990, matini iliyo katika intaneti, na maandishi ya wanahistoria walioitumia walipokuwa wakieleza hofu na maisha ya kazi katika Kongo ya Wabelgiji. Wahakiki watauliza Yav alikuwa nani, wanachama wenzake walimsimulia kila mmoja habari gani, kijitabu kilipita mikononi mwa nani mjini kabla ya kuwafikia maprofesa, na kwa nini kilipewa jina la msamiati ilhali ni tarikhi. Baadhi ya maswali hayo yana majibu vitabuni. Mengine yatajibiwa na watoto na wajukuu wa maboyi wale, wanaoishi Katuba, Kenya na Kamalondo, ikiwa mtu wa hapa atakwenda kuwauliza wakati bado wanakumbuka, akayaandika majibu yao kwa Kiswahili walichoyasema, na kuyachapisha.